Hadithi ya Kusikia Yataka Watu Wawili

Bila shaka mmekwisha kumwona kijana ameketi mbele ya nyumba yao, waya mbili zimetoka masikioni mwake na kuingia mfukoni, naye ghafula anaangua kicheko peke yake. Wapita njia humtazama, wakaulizana kwa macho kama akili zake ni timamu. Zamani mtu aliyecheka peke yake alihurumiwa. Siku hizi twajua kwamba simu yake inamsimulia kitu. Pengine ni mzaha wa rafiki. Lakini pengine ni kitabu, kitabu kizima kilichosomwa kwa sauti tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, ili akisikie asiye na nafasi ya kusoma, asiyejua kusoma, na yule aliyekuwa msomaji hodari lakini sasa macho yake hayamruhusu tena.

Twapenda leo kusema maneno machache juu ya vitabu hivyo vya kusikilizwa, hasa vile vya kuchekesha na vya safari za hatari. Hatusemi kama walimu. Twasema kama wasikilizaji wa hapa Lubumbashi, watu wa Katuba, ambao kwa miezi mingi tumesikia mengi, tumecheka sana, na mara moja tumeona haya kwa kosa letu wenyewe. Kosa hilo ndilo lililotufundisha, nalo tutalieleza bila kulificha.

Baba yetu alikuwa fundi wa mitambo. Alifanya kazi miaka mingi, na kila jioni, akiisha kunawa mafuta ya mashine na kula bukari yake, alishika kitu cha kusoma. Gazeti la juzi lilimtosha. Hata karatasi iliyofungiwa sukari aliinyosha, akaisoma pande zote mbili. Alisoma kwa sauti, maana alisema kwamba neno lisilotamkwa ni kama mboga isiyotiwa chumvi. Sisi watoto kwanza tulisikia kwa lazima, baadaye kwa hamu.

Ikawa macho yake yakaanza kufifia. Kwanza alisogeza gazeti karibu na taa, halafu akalisogeza karibu na pua, mwisho akalikunja, akaliweka chini ya mto wake, asilifungue tena. Waganga wa macho walisema kwamba yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Tangu hapo aliketi chini ya mti wa avoka ulio uani, akawauliza wapitao habari za mji. Nasi alituomba, “Nisomeeni kidogo.” Siku ya kwanza tulimsomea saa nzima. Siku ya pili tulimsomea nusu saa. Siku ya tatu tulikuwa na kazi, na siku ya nne pia. Mwajua wenyewe maisha ya mjini: kutafuta maji, kutafuta makala, kutafuta fedha za shule. Kila sababu ilikuwa ya kweli, lakini mzee alikaa bila kusomewa.

Mtoto wetu wa kwanza, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyeleta dawa. Alipata katika simu yake kitabu cha Mfaransa Jules Verne kiitwacho Cinq semaines en ballon, maana yake majuma matano ndani ya puto, kilichosomwa kwa sauti na mtu wa kujitolea. Baba yetu alijifunza Kifaransa shuleni tangu utoto, nacho hakikumpa taabu. Tukamtia waya masikioni, simu tukaiweka katika mfuko wa shati lake, tukarudi kwenye kazi zetu. Haikupita robo saa tukamsikia akicheka chini ya mti. Furaha yetu ilikuwa kubwa. Tukawaambia majirani, “Mzee amepata msomaji asiyechoka.” Kweli msomaji yule hakuchoka. Lakini hatukujiuliza ni nani hasa aliyepumzishwa siku ile, mzee au sisi.

Yafaa msomaji ajue kwamba vitabu vyenye kusema havikuzaliwa pamoja na simu. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudisha. Mwaka uliofuata alipoandika mashine hiyo itafaa kwa kazi gani, alitaja vitabu vya kuwasemea vipofu. Hata hivyo vipofu walingoja zaidi ya miaka 50. Katika Uingereza ilikuwa mwaka 1935 ndipo wasioona walipoanza kupelekewa vitabu vilivyosomwa katika santuri, na miongoni mwao walikuwamo askari waliopoteza macho katika vita ya 1914 hadi 1918. Je, walipelekewa vitabu gani kwanza? Miongoni mwa vile vya mwanzo kilikuwamo kitabu cha Agatha Christie cha kumtafuta mwuaji, na kingine cha Joseph Conrad kinachosimulia dhoruba kali baharini. Huyo Conrad ndiye aliyepanda mto wetu wa Kongo kwa meli ya mvuke mwaka 1890. Basi mwaona: mtu aliyefungiwa katika giza hupenda kusafirishwa kuliko kuhurumiwa.

Kwa siku hizi kazi hiyo imekuwa nyepesi. Mwaka 2005, katika Kanada, Hugh McGuire alianzisha LibriVox, na humo watu wa nchi nyingi husoma bila mshahara vitabu vya zamani ambavyo haki za waandishi wake zimekwisha. Jules Verne alikufa mwaka 1905. Kwa hiyo vitabu vyake ni mali ya kila mtu, tajiri kwa maskini. Mwenye simu hahitaji ila kuvitafuta.

Lakini kusikia si sawa na kusoma, na hapa twataka kutoa maoni yetu. Msomaji akichoka huruka ukurasa. Msikilizaji huchukuliwa kama abiria wa gari moshi, asimame linaposimama na aende linapokwenda. Sura za kwanza za kitabu kile cha puto zimejaa hesabu: uzito wa kitambaa, uzito wa nanga, uzito wa maji na chakula, na wingi wa gesi ya hidrojeni itakayobeba vyote hivyo. Watoto wetu walipokuja kuzisikia walisinzia wote. Baba yetu, kwa kuwa ni fundi, aliomba zirudiwe, akazikagua kwa vidole, akasema mtu huyu alijua kazi. Kwa hiyo twasema: kitabu kimoja hakiwafai wote, na anayewachagulia wengine hadithi na akumbuke masikio yao.

Tena, msomaji wa mambo ya kuchekesha asicheke mwenyewe. Anayecheka kabla ya wasikilizaji amekula chakula cha wageni. Mzaha hukaa katika kimya kifupi kabla ya neno la mwisho. Msomaji akiukimbilia, umekufa. Siku hizi ziko programu za kompyuta zisomazo bila mtu. Zatamka vizuri, wala hazikohoi, lakini tulizozisikia sisi hazijui kungoja. Zasoma habari ya mtu aliyeanguka mtoni na habari ya bei ya unga kwa sauti moja. Msomaji wa kujitolea aliyemsomea baba yetu alikuwa na mafua kidogo, na mara mbili tulisikia mbwa wake akibweka kwa mbali. Hilo halikutuudhi, tulijua kwamba tuko nyumbani kwa mtu.

Tuendelee na habari yetu. Juma moja likapita. Jioni moja tuliporudi tulimkuta mzee ameziondoa waya masikioni, ameziviringa mkononi, ametulia. Tukamwuliza kama simu imekwisha umeme. Akajibu, “Umeme umo.” Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Tukadhani kwamba amechoka na kitabu, kama watu wazima wachokavyo. Hatukumwuliza zaidi, maana tulikuwa na haraka.

Siku ya nne mtoto wetu mdogo, mwenye umri wa miaka minane, alizichezea zile waya, akazivuta mpaka zikakatika. Jioni ile umeme nao ukakatika mtaani, tukaketi wote uani kuuzunguka moto wa mbabula, maana ndani mlikuwa giza na joto. Kijana wetu akaitoa simu ili isome kwa sauti kubwa, akaitia ndani ya bakuli la bati. Sauti ikatoka nene kama ya mtu aliye kisimani. Ndipo mzee akasema, “Rudisha nyuma. Tafuta sura ya 14. Nataka msikie nyote.”

Tuwaeleze wasioijua hadithi hiyo. Daktari Fergusson, Mwingereza, anataka kuivuka Afrika kwa puto. Anafuatana na rafiki yake Kennedy, Mskochi mpenda kuwinda, na mtumishi wao Joe, mcheshi asiyeogopa kitu. Waliondoka Zanzibar tarehe 18 Aprili 1862, kama mwandishi alivyobuni, wakaelekea magharibi. Katika sura ile ya 14 puto limefungwa mtini, Kennedy na Joe wamekwenda kuwinda. Wanasikia bunduki ya daktari ikiwaita. Wanarudi mbio, na kwa mbali wanaona viumbe vyeusi vinaupanda mti na kulizunguka puto. Wanadhani ni wenyeji. Kumbe ni nyani. Nyani wanafukuzwa, na wasafiri wanafanya mzaha juu ya kosa lao, kwamba kumdhania nyani kuwa mtu mweusi si kosa kubwa.

Sauti ya bakulini iliendelea kusoma, wala hakuna aliyecheka. Mtoto mdogo akauliza, “Nkambo, ni sisi wanaotusema?”

Mzee akajibu, “Ni sisi, mjukuu wangu. Mimi niliyasikia hayo siku nne zilizopita. Nilikuwa nimekwisha kuwa rafiki wa watu hawa. Nilikuwa nao ndani ya kikapu chao, juu, nikiona milima na mito kama zamani nilipokuwa na macho. Wakacheka, nikacheka nao. Kisha wakanitupa chini. Nikageuka nimwambie mtu, na hapakuwa na mtu.”

Ndugu wasomaji, maneno hayo yalituingia. Mtu akitukanwa sokoni huona haya, lakini sokoni wapo watakaomtetea, au hata watakaomcheka mtukanaji. Atukanwaye ndani ya masikio yake hana shahidi. Tulikuwa tumemfungia baba yetu pamoja na wageni, tukaufunga mlango, tukajisifu kwa wema wetu. Alitaka tumsomee, nasi tukampa mashine; si kwa ubaya wa mashine, bali kwa sababu ilitupa ruhusa ya kuondoka.

Mama wa watoto alinyosha mkono aizime simu. Mzee alisikia mkufu wa mkono wake, akamzuia. “La, mwanangu. Mwacheni aendelee. Aliyenitukana nitamfuata mpaka mwisho, nione kama hatajikwaa.”

Nasi tukamfuata, na hakukawia kujikwaa. Katika sura iliyofuata puto linafika Kazeh, kituo cha misafara karibu na mahali uliopo leo mji wa Tabora. Watu wako sokoni. Wanaliona puto likishuka, kubwa, la mviringo, wanadhani ni mwezi umekuja kuwatembelea, na wasafiri watatu ni watoto wa mwezi. Daktari anaitwa kumtibu mfalme aliyeharibiwa na ulevi. Joe anachezewa ngoma, naye anacheza na kujipa umungu. Mambo yanakwenda vizuri mno. Mara, upande wa mashariki, mwezi wenyewe unachomoza, taratibu, kama kila usiku. Watu wanautazama mwezi, wanalitazama puto, wanaelewa. Wasafiri wanakimbia kuokoa roho zao, puto linapaa, na mganga mmoja aliyejaribu kuishika nanga anachukuliwa nayo hewani.

Hapo watoto walianguka kwa kucheka. Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta alibisha hodi kuuliza kuna nini, akapewa kigoda, akaomba tuanze upya. Tukarudia. Mara ya pili kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, maana tulijua mwezi unakuja.

Kicheko kilipotulia, baba yetu alitoa hukumu yake. “Mwandishi amewafanya watu wa Kazeh kuwa wajinga, lakini hakuangalia alichoandika. Waliona miezi miwili, na papo hapo wakajua kwamba mmoja ni mwongo. Hata wenye akili wa Ulaya hawakuhitaji kufanya zaidi ya hayo. Wajinga ni wale watatu, waliosahau kwamba mwezi utachomoza.” Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu mtu akidanganya, watoto husema, “Ngoja mwezi uchomoze.”

Kisha mzee akaongeza jambo ambalo Jules Verne hakulijua. Verne alikuwa hajakanyaga Afrika alipoandika kitabu chake, kilichotolewa mwaka 1863; habari zake alizipata katika maandiko ya wasafiri kama Burton na Speke, waliofika Kazeh mwaka 1857. Lakini katika miaka ile ile, watu halisi wa Unyamwezi walikuwa safarini, wala si kwa puto. Walitembea kwa miguu kutoka upande wa Kazeh, wakauzunguka au kuuvuka mji wa maji wa Tanganyika, mpaka nchi yetu ya Katanga, kutafuta shaba na pembe. Mmoja wao, Msiri, alikaa huku moja kwa moja, akajijengea ufalme, na mji wake wa Bunkeya ukawa mkubwa, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 katika ugomvi na msafara wa Stairs. Wazao wa watu wale ni Bayeke, majirani zetu na wakwe zetu. Mtoto wetu mdogo alifumbua macho. “Basi watu wa Kazeh walikuja huku?” Mzee akasema, “Walikuja, wakaoa. Safari ni yao pia.” Yule mtoto, aliyekuwa amenyong’onyea kwa mzaha wa nyani, alilala usiku ule akihesabu siku za kwenda Bunkeya kwa miguu.

Fikirini kama angeusikia mzaha ule peke yake, usiku, chini ya blanketi. Nani angemweleza? Angebaki na mojawapo ya mambo mawili: kuchukia vitabu, au kujidharau. Vitabu vya vituko na safari vya karne iliyopita na ile iliyotangulia vina sumu hiyo mara nyingi, nasi hatushauri vitupwe vyote, maana humo mna akili nyingi, ushujaa na kicheko chema. Twashauri visisikilizwe bila mwenzi.

Jambo hili si geni katika mji wetu. Sisi tulipokuwa watoto, mchekeshaji mkuu wa Lubumbashi alikuwa Mufwankolo pamoja na kundi lake. Michezo yao mifupi ilitoka redioni na katika televisheni, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile kile cha sokoni na cha kisimani, nayo ilihusu mambo ya nyumba, fedha, ulevi na ndoa. Si kila nyumba ilikuwa na chombo. Aliyekuwa nacho alikiweka karibu na dirisha, na watu wa njia nzima walisimama nje. Mufwankolo alimcheka mume anayekunywa mshahara, na katika kundi lile la dirishani alikuwamo mume wa namna hiyo. Mkewe alimtazama. Majirani walikohoa. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, ili asijulikane, na kwa kucheka hivyo alijulikana. Twaamini kwamba waume kadhaa walifika nyumbani na mshahara mzima mwezi uliofuata.

Kundi hilo halikuwa la mzaha mtupu. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliwauliza maana ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa hotuba. Walitunga mchezo mzima juu ya neno hilo, wakaigiza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, ukapigwa picha za televisheni. Na mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu chenye maneno yao. Ilikuwa miaka ambayo si kila mtu aliweza kusema kila kitu juu ya wakubwa. Kicheko kilisema. Nacho kiliweza kusema kwa sababu kilisikiwa na wengi mara moja: mtu mmoja akicheka mkubwa, hukamatwa, mji mzima ukicheka, nani atakamatwa?

Hapo ndipo tunapopata kipimo chetu cha hadithi za kuchekesha. Twauliza: anayechekwa ameketi nasi, au ametupwa nje asikie kwa dirishani? Mufwankolo alijicheka pamoja nasi. Wasafiri wa puto, katika ile sura ya nyani, walitucheka wakidhani hatupo. Sasa tupo, tunasikiliza, nasi tuna haki ya kujibu.

Kwa hadithi za hatari tuna kipimo kingine. Wengi wanakijua kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Mwingereza Rider Haggard, kilichotokea mwaka 1885, na baadaye Frederick Johnson akakitia katika Kiswahili. Watu wanatafuta almasi zilizofichwa milimani, wanafungiwa ndani ya pango, wanaokoka na vito mfukoni, na hadithi inakwisha. Tulipoisimulia uani, jirani yetu wa ukutani, ambaye mwanawe ni mchimbaji wa mashimo ya shaba na kobalti, alisikiliza kwa makini mno. Mwishoni alisema, “Katika vitabu, shida inakwisha mtu akiipata mali. Kwetu huku, ndipo inapoanza.” Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyeongeza neno. Wazee wetu waliyeyusha shaba na kutengeneza ile misalaba ya shaba iliyokuwa fedha yao kabla ya kampuni yo yote kufika. Walijua bei ya kuingia ardhini. Hadithi ya hatari ni nzuri ikiwa hatari ina gharama. Mtu akianguka shimoni mara kumi na asivunjike hata kidole, watoto wafurahi kwa jioni moja, lakini wasifundishwe kwamba mashimo ndivyo yalivyo.

Basi, tumefanya nini nyumbani kwetu? Hatukununua waya nyingine kwa ajili ya mzee. Kila jioni, baada ya chakula, bakuli la bati huletwa uani, simu hutiwa ndani yake, nasi husikiliza nusu saa, si zaidi. Mtu ye yote aweza kusema “Simamisha,” hata mtoto, naye ataeleza kwa nini. Jioni nyingine tunasimamisha mara nyingi hata msomaji hamalizi sura. Hatuoni hasara. Puto lile lilivuka Afrika kwa majuma matano. Sisi lilituchukua miezi mitatu, nasi twafikiri tuliona mengi zaidi.

Tena jambo moja limezaliwa humo. Vitabu vya kusikilizwa vilivyotufikia vingi ni vya Kifaransa na vya lugha nyingine za mbali. Kijana wetu akasema, “Nkambo, kwa nini wewe usisome?” Mzee akacheka. “Nitasoma kwa macho gani?” Mtoto akamwambia, “Tusimulie za Kalulu, nasi tutanasa sauti.” Mzee alikataa siku mbili, akisema sauti yake imezeeka. Siku ya tatu alikubali, akasimulia jinsi Kalulu, yule sungura mdogo mwenye hila, alivyomfanya tembo na kiboko wavutane kwa kamba moja, kila mmoja akidhani anavutana na Kalulu. Tumeinasa. Si kazi safi: mchi wa mama unasikika ukitwanga, jogoo anawika pasipo sababu, na mzee anasimama katikati kuuliza nani anapita. Tena watoto wanacheka kabla ya wakati, maana wanaijua hadithi. Kijana wetu alitaka kuyafuta hayo yote ili ibaki sauti ya nkambo peke yake. Tukamkataza.

Wako wasomaji wetu walio mbali na wazazi wao, wengine Kolwezi, wengine Kinshasa, wengine ng’ambo. Twajua kwamba hawawezi kukaa uani kila jioni, na kwao simu ni msaada mkubwa. Wawapelekee wazee vitabu, wala wasione haya. Lakini wapige simu baadaye, waulize: “Umefika wapi? Nani amekuchekesha? Nani amekuudhi?” Maswali hayo matatu yatosha kuufungua mlango tulioufunga sisi.

Macho ya baba yetu hayakurudi. Lile gazeti bado liko chini ya mto wake, na hatujui anangoja nini kulitoa. Jioni hii tumeanza kitabu kingine, cha baharini. Yeye ameketi mahali pake chini ya mti wa avoka, mtoto mdogo magotini pake ingawa amekwisha kuwa mzito, na kila mawimbi yanapopiga anauliza, “Mmesikia?” Nasi tunamjibu wote pamoja kwamba tumesikia.